Nina kosa la kuendesha nimelewa Ohio, nitaingiaje Kanada kumuozesha mdogo wangu?

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dada. Mimi Mtanzania, kwetu Tanga, naishi Columbus, Ohio, nina grini kadi. Oktoba 2022 nilikamatwa naendesha nimekunywa, kipimo kikasoma 0.11. Desemba mwaka huohuo nikakiri kosa mahakamani, nikapewa ile programu ya siku tatu, faini, na probesheni, yaani uangalizi wa mahakama, ya mwaka mmoja. Toka siku ile sijagusa pombe. Sasa mdogo wangu wa kike yuko Toronto, anaolewa mwezi wa nane, baba yetu alishafariki, mimi ndiye kaka mkubwa na ndiye walii wake. Rafiki yangu aligeuzwa boda kwa kosa kama langu. Mwingine ananiambia misdimina, yaani kosa dogo, siyo kitu, nipande basi la usiku nivuke na nisiseme lolote. Nyumbani hakuna anayejua habari hii, hata bibi harusi mwenyewe. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuubeba mzigo huu peke yako muda wote huo. Nianze na hilo basi la usiku maana ndilo linaloweza kukuharibia kila kitu: usipande. Polisi wa Kanada na FBI wanabadilishana rekodi siku nyingi sana, afisa wa boda akishaisoma pasi yako ana uwezo wa kuiona kesi ya Ohio hapohapo kwenye skrini, na haijalishi ni saa nane za usiku au saa nne asubuhi, tena usiku ndiyo ana muda na wewe kwa sababu foleni ni fupi. Atakuuliza swali moja tu, umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani popote? Ukisema hapana, hapo umeacha kuwa mtu mwenye kosa la barabarani la 2022, umekuwa mtu aliyemdanganya afisa wa uhamiaji, na hilo lina adhabu yake peke yake, kifungu cha 40 cha sheria yao ya uhamiaji, miaka mitano huruhusiwi kuingia. Kosa la pombe lina njia ya kulishughulikia, uongo unakufungia hata hiyo njia.

Sasa hili la "misdimina siyo kitu". Huyo rafiki yako hakudanganyi kwa makusudi, anaongea sheria ya Ohio, na kwa Ohio yuko sahihi, OVI, ndivyo Ohio wanavyoliita kosa la kuendesha umelewa, ya kwanza ni misdimina. Ila Kanada hawaangalii kosa liliitwaje kule lilikofanyika. Wanalichukua lile tendo lenyewe wanajiuliza, huyu mtu angelifanya hapa kwetu, kitabu chetu cha makosa kingemwambia nini? Na kitabu chao kinasema ukiendesha ukiwa na miligramu 80 za pombe kwa kila mililita 100 za damu, yaani 0.08, au zaidi ya hapo, ni kosa la jinai. Wewe ulikuwa na 0.11. Halafu kuna tarehe moja nataka uishike kichwani, tarehe 18 Desemba 2018. Siku hiyo Kanada walipandisha adhabu ya juu kabisa ya kosa hili kutoka miaka 5 jela mpaka 10, na kwenye sheria ya uhamiaji, kifungu cha 36, kosa lolote la nje ambalo kwa Kanada lingeweza kufika miaka 10 linaingia kwenye kundi la makosa makubwa. Haijalishi wewe hukulala jela hata usiku mmoja ukiacha ile programu ya siku tatu. Wanahesabu kile ambacho ungeweza kupewa, siyo ulichopewa. Kwa karatasi umekaa kundi moja na mtu aliyepora kwa silaha, najua inauma kusikia, lakini ndivyo sheria ilivyoandikwa na afisa ndiyo anaanzia hapo.

Hii tarehe ndiyo inawachanganya watu wengi kwenye magrupu ya WhatsApp. Utamsikia mtu anasema "mimi nilikuwa na kosa hilohilo, miaka kumi ilipita nikaingia bila shida". Ni kweli, kwa yeye. Mwenye kosa moja tu la zamani, kabla ya Desemba 2018, miaka kumi ikipita toka amalize adhabu yake anaweza kuhesabiwa kuwa amesharekebishika bila kuomba chochote. Wewe wa Oktoba 2022 huo mlango haupo, hata ukisubiri mpaka uote mvi. Na usije ukampa mtu hela akakwambia atakufutia rekodi ya Ohio, OVI ni katika makosa ambayo Ohio hawayafungi wala hawayafuti.

Kwa hiyo imebaki milango miwili. Wa kwanza ni wa kudumu, unaiomba serikali ya Kanada ikutambue rasmi kwamba umejirekebisha, na ukikubaliwa lile kosa halikuzuii tena maisha yako yote labda ufanye jingine. Tatizo lako ni tarehe. Ombi hilo unaruhusiwa kulileta baada ya miaka mitano toka adhabu yote iishe, na nikisema yote namaanisha faini imelipwa, probesheni imeisha, na kama leseni ilifungiwa basi nayo imefunguliwa, unahesabu kutoka kwenye kitu cha mwisho kuisha. Probesheni yako iliisha Desemba 2023, kwa hiyo mapema kabisa ni Desemba 2028. Harusi haitasubiri.

Mlango wa pili ndio wako. Ni kibali cha muda cha ukaazi, wenyewe wanakiita TRP, kipo kwenye kifungu cha 24, na zamani chini ya sheria ya 1976 kilijulikana kama kibali cha waziri. Elewa vizuri ni kitu gani maana watu wanakiomba bila kukielewa. Siyo msamaha. Hakifuti kosa, hakikufanyi uwe mtu anayestahili kuingia. Kinasema hivi, huyu mtu kisheria hatakiwi kuingia, lakini afisa ameangalia mazingira yake akaona inastahili aingie kwa muda huu na kwa shughuli hii. Kinaweza kutolewa kwa siku chache au mpaka miaka mitatu, na kwa mtu wa mara ya kwanza mwenye shughuli ya wiki moja mara nyingi utapewa siku za hiyo shughuli tu. Ukitoka nje ya Kanada kimekufa, labda kiwe kimeandikwa unaweza kurudi nacho.

Kwa hiyo kazi yako siyo kumthibitishia afisa kwamba wewe ni mtu mzuri, wala kulalamika kwamba sheria imekuonea. Afisa ana mizani, upande mmoja ni hitaji lako la kuingia, upande wa pili ni hatari unayoileta kwa watu wa Kanada. Anataka kuona kama hitaji limeizidi hatari, basi. Kila karatasi utakayoiweka kwenye faili jiulize inakaa upande gani wa mizani, ambayo haikai popote itoe. Nimeona mafaili ya kurasa mia na ishirini, picha za familia, vyeti vya sekondari, barua tisa za marafiki zote zinasema "ni mtu mcha Mungu", na mahali pa hukumu ya mahakama hamna kitu. Afisa hana siku nzima.

Tuanze na upande wa hitaji maana kwako ndiyo una utajiri. Harusi ya kawaida, mtu anakwenda kula pilau na kupiga picha, haiwi nzito sana, afisa anaweza kusema utaangalia kwenye simu. Ila wewe ni walii. Hili neno afisa halijui, au analijua nusunusu, na wewe usilitupe tu pale ukadhani ameelewa. Mweleze kwa lugha nyepesi kwamba kwa dini yenu, na kwa madhehebu ya Shafii tunayofuata watu wa pwani, ndoa ya binti inafungwa kwa idhini ya mlezi wake wa kiume, wa kwanza ni baba, kama hayupo ni babu mzaa baba, kama naye hayupo ni kaka, na kwamba baba alifariki mwaka fulani, cheti cha kifo hiki hapa, babu naye hivyohivyo, wewe ndiye mkubwa. Pata barua ya imamu wa msikiti utakaofungiwa ndoa, aeleze nafasi yako kwenye shughuli na tarehe yake.

Hapohapo kuna mtego, nakuomba unisikilize. Usiandike wala usimwachie imamu aandike kwamba bila wewe kuwepo pale ndoa haiwezi kufungwa. Wewe mwenyewe unajua siyo kweli, walii anaweza kumpa mtu uwakala, watu wanaozesha kwa simu kila wiki. Siku hizi maafisa wanauliza na wanatafuta, akigundua umetia chumvi hapo, ile ndoano ya kifungu cha 40 niliyokwambia inarudi. Andika ukweli, kwa sababu wenyewe una nguvu ya kutosha: kwamba uwakala unaruhusiwa, na kama ukikataliwa utautoa ili mdogo wako asicheleweshwe, lakini baba alipofariki huyu mtoto alikuwa na miaka kumi na tatu, wewe ndiye uliyelipa ada mpaka akamaliza, yuko peke yake Kanada, na hakuna ndugu mwingine wa damu atakayesimama naye siku hiyo. (Hayo ya ada nimeyabuni kukuonyesha mfano, weka ya kwako ya kweli.) Mtu anayesema "nina njia nyingine lakini hii ndiyo inayofaa, na sababu ni hizi" anaaminika kuliko anayesema dunia itaisha asipoingia.

Upande wa hatari sasa. Hatari yako ni ipi hasa? Wewe siyo mwizi, hukumpiga mtu. Hatari ni moja, kwamba utakunywa halafu utashika usukani Toronto. Basi iondoe. Andika wazi kwamba ukiwa Kanada hutaendesha gari kabisa, si la kukodi si la shemeji, halafu onyesha utatembeaje, tiketi ya basi au ya ndege, nani atakupokea, unalala wapi na ukumbi uko kilomita ngapi kutoka hapo. Kama mnakuja kwa gari basi mwenzio ndiye dereva na leseni yake iwe kwenye faili. Jambo dogo hili lakini watu hawalifikirii. Niliwahi kumsindikiza mteja kwenye daraja mojawapo la boda, kosa lake kama lako, tukakaa kwenye vile viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, ukisogea wewe na mwenzio anasogea. Tumekaa karibu saa tatu. Afisa alipomwita alifungua ukurasa wa kwanza na hukumu ya mahakama, mengine aliyapekua kwa kidole gumba tu, akamuuliza maswali mawili: nani amekuendesha mpaka hapa, na Jumapili nani atakurudisha? Alikuwa na jibu la yote mawili kwa maandishi, mke wake yupo pale na funguo mkononi. Aliingia.

Baada ya hapo ndiyo unaonyesha kwamba umebadilika: cheti cha ile programu ya siku tatu, barua au hati ya mahakama kwamba probesheni imeisha bila kuvunja masharti, risiti ya faini, rekodi yako ya udereva kutoka BMV, ofisi ya leseni na magari ya Ohio, ikiwa safi toka 2022, ripoti ya FBI ya alama za vidole, ile inalipiwa dola 18, na barua ya kazini. Kama kweli huna pombe miaka yote hii na kuna mtu wa kitaalamu anayeweza kulisema hilo, mshauri wa mambo ya ulevi, daktari, nenda akufanyie tathmini akuandikie. Maneno yako peke yako "sijagusa pombe" ni mazuri, yakiwa na karatasi ya mtu mwingine yanakuwa mazito. Ya Kiswahili yote yatafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, Kiingereza au Kifaransa. Usitafsiri mwenyewe.

Barua ya maelezo nitakaa nayo kidogo maana ndiyo inabeba ombi zima. Nimeshasoma nyingi za namna hii: "Mnamo mwaka 2022 nilipata tatizo dogo la barabarani kutokana na sababu zilizokuwa nje ya uwezo wangu." Afisa akifika hapo amekuchoka. Tatizo dogo lipi? Ana hukumu mkononi inasema 0.11. Iandike hivi, kwa Kiingereza chako cha kawaida, usimpe mtu aitie manjonjo: "Usiku wa tarehe fulani Oktoba 2022 nilikunywa bia nne kwenye sherehe ya rafiki. Nilijua siko sawa nikaendesha. Polisi alinisimamisha, kipimo kikasoma 0.11. Hakuna aliyeumia. Tarehe fulani Desemba nilikiri kosa. Nimemaliza adhabu yote tarehe fulani. Toka usiku ule sijanywa." Sentensi fupi, tarehe, hakuna shetani alinipitia, hakuna polisi mbaguzi hata kama unaamini alikuwepo. Halafu unahamia kwenye ndoa. Kurasa mbili zinatosha.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye lile ulilolitaja mwisho kabisa kama vile halina uzito. Nyumbani hakuna anayejua. Mdogo wangu, kwa miaka ya kufanya kazi hii nakwambia, aibu inaharibu maombi ya watu wetu kuliko sheria yenyewe. Mtu anaandika barua nusu kwa sababu anaogopa shemeji ataiona, anakosa barua ya mwaliko kwa sababu hataki kueleza kwa nini inahitajika, au bibi harusi anapigiwa simu na afisa, "kaka yako ana kosa gani?", anajibu "kaka yangu hana kosa lolote", basi tena, afisa anaandika kwamba hadithi hazilingani. Kisheria hakuna kinachokulazimisha kumwambia. Lakini barua yake ya mwaliko ikisema "ninafahamu kosa la kaka yangu la 2022, atalala kwangu, hataendesha gari, na ninamhitaji awe walii wangu kwa sababu hizi", ina uzito ambao barua ya mtu asiyejua haina. Na kama mambo yakigoma, bora ajue sasa hivi kuliko ajue Ijumaa jioni mgeni rasmi amegeuzwa boda na ukumbi umeshalipiwa. Mama Tanga si lazima. Bibi harusi mwambie. Mpigie siku ambayo hana pilikapilika za kushona nguo, mwambie kama ulivyoniambia mimi, ulinieleza vizuri tu.

Yeye akutafutie pia nakala ya uthibitisho wa hali yake Kanada, mkataba wa ukumbi, na barua ya msikiti. Leseni ya ndoa ya Ontario usiingoje kwenye faili la sasa, ile inadumu miezi mitatu tu kwa hiyo kwa harusi ya Agosti wataichukua karibukaribu.

Tuje kwenye wapi pa kuomba. Kwa kuwa una grini kadi, viza ya Kanada huhitaji, wala ile eTA, idhini ya safari ya mtandaoni, huhitaji, unatakiwa uwe na pasi ya Tanzania ambayo haijaisha pamoja na kadi yenyewe. Hiyo inakupa njia mbili. Unaweza kutuma ombi la TRP mapema kwa ofisi ya uhamiaji, au unaweza kujitokeza bodani na faili lako na kuomba palepale. Ada ni ileile, mwaka 2025 ilikuwa karibu dola 240 za Kanada, wanaipandisha kila baada ya muda kwa hiyo angalia siku unayolipa, na hairudi ukikataliwa. Ushauri wangu kwako: tuma mapema, tuma mwezi huu. Majibu yanachukua miezi, wakati mwingine mingi, lakini linasomwa na mtu aliyekaa mezani ana muda, na ukikataliwa umekataliwa uko sebuleni kwako Columbus siyo mbele ya watoto kwenye gari. Njia ya bodani ipo kwa ajili ya mtu mwenye dharura, mtu ana msiba, mtu kaitwa kazini kesho kutwa, na afisa akiona ulikuwa na miezi minne ukaja bila kujaribu kuomba atakuuliza ulikuwa wapi.

Ikifika wiki ya harusi na hujajibiwa, hapo ndipo njia ya pili inaingia. Nenda boda ya nchi kavu, kwako ni Detroit kuvuka kwenda Windsor au Buffalo kuvuka Peace Bridge, usiende uwanja wa ndege maana kukataliwa Pearson, uwanja wa Toronto, na kusubiri ndege ya kurudi ni mateso mengine. Nenda siku ya kazi, asubuhi, siku tatu kabla ya shughuli siyo siku yenyewe. Chukua faili zima, risiti ya ombi ulilotuma, na wewe ndiye uanze kusema, kabla hajakuuliza: nina hukumu ya kuendesha nimelewa ya 2022, nimeomba kibali cha muda, sijajibiwa, naomba unisikilize. Watakupeleka pembeni, utakaa. Usibishane, usichezee simu. Akikataa na akakupa nafasi ya kuondoa ombi lako la kuingia na kurudi ulikotoka kwa hiari, ichukue, saini, geuza. Kurudi kwa hiari siyo amri ya kufukuzwa. Amri ya kufukuzwa nchini ukiipata utahitaji ruhusa maalumu ya maandishi kila ukitaka kurudi Kanada, hata kosa la mwanzo likishasahaulika. Watu wanang'ang'ania pale dirishani kwa hasira wanajitafutia hiyo.

Kuna kitu hukuuliza na ningekuwa sijakutendea haki nikikiacha. Kabla hujafikiria kuingia Kanada, hakikisha utaweza kurudi Marekani. Wewe siyo raia. Mwenye grini kadi akitoka nje akiwa na makosa ya aina fulani, dawa za kulevya, wizi, utapeli, anaporudi anaweza kuhojiwa kama mtu anayeomba kuingia upya. OVI moja ya kawaida, bila mtu kuumia na bila mashtaka mengine, kwa kawaida haiko kwenye kundi hilo, ila mimi sioni faili lako lote. Kama kuna kitu kingine hukunitajia, kesi ya ugomvi nyumbani, bangi ya zamani hata kama ilikuwa gramu moja, kaa saa moja na wakili wa uhamiaji wa Marekani kabla hujakata tiketi. Hiyo saa moja ilipie. Na siku ya safari beba nakala za mahakama pande zote mbili za daraja.

Wanaoniuliza upande wa pili, yaani aliyeko nje anataka kwenda Marekani na ana zuio, nao wana kitu kinachofanana na hiki, kifungu cha 212(d)(3) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, na kesi wanayoitegemea mpaka leo ni ya mwaka 1978, inaitwa Hranka, ya binti wa Kanada aliyekuwa ametolewa Marekani. Pale wanapima vitu vitatu, hatari kwa jamii, uzito wa kosa, na sababu ya kutaka kuingia, na walisema sababu si lazima iwe kubwa sana. Kanada kwenye sababu wako wagumu zaidi, kwa hiyo msichukue barua iliyofaulu kule mkaileta huku kama ilivyo. Na wale ambao kesi yao ilipunguzwa mahakamani ikawa uendeshaji wa hovyo badala ya ulevi, msidhani mmepona, huo nao una ndugu yake kwenye kitabu cha Kanada, ulizeni kwanza.

Kuhusu mtu wa kukusaidia. Fomu unaweza kujaza mwenyewe, Kiingereza chako kinatosha, lakini ukitaka msaada wa kulipia ujue wanaoruhusiwa na sheria ya Kanada kuchukua hela kwa kazi hii ni mawakili na maparalegali walio kwenye chama cha wanasheria cha jimbo, wanotari wa Quebec, na washauri wenye leseni wa CICC, ile bodi ya washauri wa uhamiaji iliyoanza kazi 2021. Majina yote yako kwenye rejista, unaingia mtandaoni unaandika jina la mtu, lipo au halipo. Alishakuja kwangu baba mmoja aliyempa mtu wa jamii yetu hela nyingi, akaambiwa "faili limeshaingia, subiri", akasubiri mwaka. Nilipoandika kuulizia hapakuwa na faili. Hakuna hata fomu moja iliyotumwa, na lile dirisha la mahafali ya mwanawe lilikuwa limeshapita. Kwa hiyo kabla ya bei uliza namba ya leseni.

Jumatatu anza na hili: nenda kwa karani wa mahakama iliyokuhukumu, omba nakala yenye muhuri ya mashtaka, ya hukumu, na ya kumalizika kwa probesheni, zote tatu, siyo kuprinti kutoka kwenye tovuti yao. Ukizipata angalia tarehe ya mwisho kabisa iliyoandikwa humo na tarehe leseni yako ilipofunguliwa, niandikie zote mbili. Na niambie mdogo wako alisemaje.